Umeme Ukikatika, Duka Lako Litafunguliwa Kesho?

Safari hii tuzungumze biashara, maana najua wengi wetu tuna kiduka kichwani. Yupo anayesuka nywele chumbani kwake, yupo muuza sambusa wa wikendi, yupo mwenye ndoto ya kurudi Dar au Kampala kufungua ofisi. Swali langu ni dogo tu: siku mambo yakiharibika, utakuwa na nini mkononi?

Sisi wa uhandisi tuna jambo moja tunalogombezwa nalo tangu mwaka wa kwanza. Ukiweka kifaa cha akiba, hakikisha hakitegemei kitu kilekile kinachotegemewa na kifaa cha kwanza. La sivyo una vifaa viwili lakini kamba ni moja. Kamba ikikatika, vyote chini.

Tuanze nyumbani, Unguja. Tangu 1980 kisiwa kilikuwa kinapata umeme kutoka bara kwa waya mmoja uliolazwa chini ya bahari. Mwezi Mei 2008 umeme ukakatika, na kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 yakarudi yaleyale, safari hii mpaka Machi 2010. Miezi mitatu, jamani! Utasema mwenye jenereta alipona. Kiasi. Jenereta ya kuvusha saa mbili jioni ni jambo moja, kununua mafuta kila siku kwa siku tisini ni jambo jingine kabisa. Halafu kuna maji: pampu za mji zilikuwa zinategemea umeme uleule. Kwa hiyo mwenye nyumba ya wageni aliyekuwa na jenereta lakini hana tangi la maji, taa zake zinawaka huku wageni wanaoga kwa ndoo. Waya mpya wa megawati 100 ulikamilika 2013.

Ukidhani hayo ni ya kwetu tu, njoo Toronto. Tarehe 8 Julai 2022 mtandao wa Rogers ulizimika alfajiri Kanada nzima, wateja zaidi ya milioni 12. Hakukuwa na dhoruba wala mafuriko. Mafundi walikuwa wanabadilisha mipangilio kwenye moyo wa mtandao, kinga moja ikaondolewa, na vifaa vikazidiwa na taarifa nyingi kuliko uwezo wake. Malipo ya Interac yakafa nchi nzima, kwa sababu Interac yenyewe ilikuwa inategemea mtandao huo. Mwenye duka aliyekuwa na simu ya kampuni nyingine bado alishindwa kupokea kadi ya benki. Kamba moja! Na hapa ndipo mimi hucheka kwa uchungu: mafundi wa kurekebisha nao walikuwa wanatumia simu na intaneti za mtandao huohuo, wakashindwa hata kuwasiliana wenyewe kwa wenyewe vizuri. Ilibidi watafutiwe laini za kampuni pinzani.

Wakongwe wa hapa watakukumbusha pia 14 Agosti 2003. Nyaya za Ohio ziligusa miti, programu ya kutoa tahadhari ikawa imelala bila mtu kujua, na ndani ya saa chache watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Ontario hawana umeme. Treni za chini ya ardhi zilisimama. Hata mwenye gari alikwama, maana pampu za petroli nazo zinataka umeme.

Haya, tufanye zoezi. Chukua karatasi, chora biashara yako katikati. Pembeni andika kila inachokula: umeme, maji, mtandao, pesa, watu, mzigo. Kisha kwa kila kimoja jiulize: kikikosekana saa nne nafanya nini? Siku tatu je? Mwezi?

Tuseme una duka la vyakula vya nyumbani, friza imejaa samaki. Saa nne si tatizo la friza: ikijaa na usipoifungua hushika baridi kama siku mbili, ikiwa nusu ni siku moja. Friji ya kawaida ndiyo yenye kikomo cha saa nne hivi. Kwa hiyo la kwanza ni kuwakataza wasaidizi wasifungue fungue kuchungulia. Jenereta, kama unayo, iwe nje kabisa mbali na madirisha. Moshi wake unaua na gesi yake haina harufu.

Mzigo usiuweke chini kabisa kwenye besimenti. Tarehe 8 Julai 2013 ilinyesha milimita 126 pale uwanja wa ndege wa Pearson kwa saa chache tu, na maji taka yakapanda kwenye besimenti nyingi. Soma bima yako kwa macho yako mwenyewe: maji yanayorudi kupitia bomba la maji taka mara nyingi ni kipengele cha kununua pembeni. Wengi hugundua hilo siku ya kudai.

Weka pia pesa taslimu za kutosha kurudisha chenji, na daftari la mkopo la karatasi. Nakala ya hesabu zako isikae kwenye kompyuta ya dukani peke yake, maana moto hauchagui. Namba za simu za msambazaji, mwenye nyumba na wafanyakazi ziandike kwenye karatasi mbili, moja dukani na moja kwako. Mimi nilipojaribu kuandika zangu, nikakuta namba ninayoikumbuka kichwani ni moja tu, ya mama, na yuko Morogoro.