Ni Nani Aliyekosa? Fundisho Juu ya Watoto Wenye Usonji



Nyote mwaijua habari ya yule kipofu katika Injili ya Yohana, mlango wa 9. Wanafunzi walipomwona walitaka kujua kwanza kosa ni la nani, lake au la wazazi wake. Naye Bwana alikataa hesabu hiyo. Mwezi huu twataka kujifunza habari za watoto ambao swali lile lile laulizwa juu yao hata leo.

1. Usonji ni nini?

Usonji si ugonjwa wa kuambukiza, wala si pepo, wala si ukaidi wa mtoto asiyeonywa. Ni namna ubongo wa mtu ulivyokua tangu mwanzo wa maisha yake. Mwenye usonji huona shida kusemezana na watu na kutambua nia zao. Hupenda mambo yaende vile vile kila siku, hurudia tendo moja mara nyingi, na pengine kelele au mguso mdogo humwumiza. Wengine hawasemi kabisa. Wengine husema vizuri na kusoma sana. Shirika la Afya Duniani lilikadiri ya kuwa mwaka 2021 mtu 1 katika watu 127 alikuwa na usonji. Basi usharika wa watu 500 huenda unao wapata wanne.

2. Habari ya Donald

Mwaka 1933 alizaliwa Donald Triplett katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi, Marekani. Alipokuwa wa miaka miwili aliweza kusema kwa moyo Zaburi ya 23, na maswali 25 ya katekisimo pamoja na majibu yake. Mwalimu gani asingemsifu? Lakini mtoto huyu hakuonekana kujali babaye arudipo nyumbani, wala hakumlilia mamaye. Mwaka 1937 wazazi walishauriwa kumweka mbali nao, wakafanya hivyo. Mwaka uliofuata wakamrudisha. Baba akaandika barua ya kurasa 33, nao wakampeleka Baltimore kwa daktari Leo Kanner. Mwaka 1943 Kanner alitoa habari za watoto 11 wa namna hii, na Donald ndiye wa kwanza wao.

Baadaye Donald alikaa kwa mkulima mmoja na mkewe. Alikuwa akihesabu mistari ya mahindi bila kuchoka. Hawakumzuia, walimpa jembe la kukokotwa na farasi, ahesabu mistari huku akiilima. Alipenda mno kupima vitu. Wakamwambia achimbe kisima na kuwaeleza kina chake. Kanner alipowatembelea mwaka 1945 alimwona akimwongoza farasi vizuri. Mwaka 1958 Donald alimaliza chuo, akafanya kazi katika benki ya mji wake, akasafiri nchi nyingi. Alikufa mwaka 2023, mwenye miaka 89, katikati ya watu waliomhesabu kuwa wa kwao.

3. Lawama iliyo bure

Kanner mwenyewe aliandika ya kuwa wazazi wengi wa watoto hao walipungukiwa na upendo. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim alitoa kitabu kilichowatwika akina mama mzigo huo. Hivyo hata wataalamu waliuliza swali la wale wanafunzi! Lakini mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walitoa uchunguzi wa jozi 21 za mapacha. Katika jozi 11 za mapacha wa kufanana kabisa, jozi 4 walikuwa na usonji wote wawili. Katika jozi 10 za wasiofanana, hata moja. Ndipo ilipoanza kuonekana wazi ya kuwa jambo hili lafuata urithi wa mwili, wala si ubaya wa malezi. Tena wako wasemao ni chanjo. Makala ya mwaka 1998 iliyoanzisha neno hilo ilifutwa mwaka 2010 na jarida lile lile lililoichapa.

Kwetu lawama ina majina mengine: laana ya ukoo, uchawi, mwiko uliovunjwa. Mzigo ni ule ule, naye aubebaye ni mama.

4. Yatupasayo

Nasi twaungama kosa letu. Mama mmoja alikuja ibadani na mwanawe, naye mtoto aliziba masikio na kupiga kelele kengele ilipolia. Tulimtuma mzee wa kanisa amwambie amtoe nje. Tulidhani twailinda ibada. Mama hakurudi. Tulipomwendea baada ya miezi mingi alitupa kiti, akasema kwa upole, "Mchungaji, nilidhani hata ninyi mwasema nimekosa." Hatukuwa na jibu. Leo huketi na mwanawe karibu na mlango, na mzee yule yule ndiye amwekeaye nafasi.

Basi mtoto wa namna hii asifungwe kamba wala kufichwa chumbani. Wazazi wamwonyeshe kwa daktari mapema. Mwalimu amfundishe kwa maneno machache na ya wazi, amwambie mbele yatakayofuata, tena atafute kile akipendacho, kama yule mkulima alivyofanya.

Maswali ya kujifunza:

1. Kwa nini Donald alijua katekisimo lakini hakuonekana kujali babaye arudipo?
2. Yule mkulima aliitumiaje tabia ya kuhesabu?
3. Katika usharika wenu, ni mama gani aliyeacha kuja? Nani atakwenda kwake juma hili?