Jaribio Limepita, Mfumo Umezimia

Mdogo wangu wa Misugusugu, ujumbe wako nimeusoma. Ofisi yenu inawahudumia wenye malori ya transiti, na mfumo wenu umeuandikia majaribio ya Selenium: yanafungua kivinjari, yanajaza namba ya lori, yanabonyeza "Tuma", yanasoma jibu. Kila usiku yanapita yote. Sasa bosi anataka kujua kama mfumo utahimili madereva wengi kwa mpigo, nawe unauliza kama majaribio hayohayo yanaweza kuingizwa kwenye JMeter.

Yanaweza. Ila usiyabebe yote. Chagua njia mbili tatu ambazo madereva huzipita kila siku, zile za ukurasa wa kubadili nywila ziache zilipo.

Selenium, tangu Jason Huggins alipoianzisha mwaka 2004, kazi yake ni kuendesha kivinjari kama mtu anavyokiendesha. JMeter haina kivinjari. Inatuma maombi kwa seva moja kwa moja, wala haiendeshi JavaScript. Ndiyo maana kompyuta moja inaweza kuigiza mamia ya watumiaji. Ipo programu-jalizi ya WebDriver Sampler inayoendesha msimbo wa Selenium ndani ya JMeter, na vijana wengi wanaikimbilia. Lakini kila mtumiaji hapo ni Chrome nzima inayokula RAM. Ukiweka mia mbili, itakayozidiwa ni laptop yako, nawe utaisingizia seva.

Njia ninayokushauri ni hii: kielekeze kivinjari cha Selenium kipite kwenye proksi ya JMeter, ambayo kwa kawaida hukaa poti 8888, na ukipe cheti chake ili HTTPS isomeke. Endesha jaribio moja, JMeter inase kila ombi. Kisha futa maombi yanayokwenda kwa watu wengine, kama Google Analytics, maana seva zao si zako kuzipima.

Hapa sasa ndipo penye kazi, mdogo wangu. Ombi ulilolinasa limebeba tokeni ambayo seva ilikupa wakati ule. Ukilirudia kesho, seva inaweza kukurudisha kwenye ukurasa wa kuingia, tena kwa msimbo wa 200. JMeter inaona 200, inaweka alama ya kijani, na muda wa majibu unapendeza kweli. Hakuna lori hata moja lililosajiliwa! Basi tokeni itolewe upya kwenye jibu la kila mtumiaji na kupachikwa kwenye ombi linalofuata. Na ukaguzi ulioandika kwenye Selenium hauji na maombi hayo. Uandike tena kwa mkono: jibu lisipokuwa na "Taarifa imepokelewa", jaribio limeanguka.

Namba za lori ziweke kwenye faili la CSV, kila mtumiaji na yake. Dereva huchukua muda kuandika, kwa hiyo weka mapumziko kati ya maombi, na watumiaji waingie kidogo kidogo. Vipimo vyenyewe viendeshe kwa amri, bila dirisha la JMeter. Wakati mzigo unasukumwa, acha Selenium iendelee na Chrome moja au mbili pembeni. Hizo ndizo zitakazokuonyesha dereva anasubiri kiasi gani mbele ya skrini.

Jambo moja sitaki ulifanyie haraka. Kituo cha ukaguzi cha Mamlaka ya Mapato (TRA) kiko hapo hapo kwenu, na kama mfumo wenu umeunganishwa na mfumo wowote wa serikali, mzigo huo usifike huko. Tengenezeni seva bandia ya kujibu badala yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuvuruga mfumo wa mtu bila ruhusa, na "nilikuwa napima" haitakutetea.

Kwa hiyo, kabla hujabonyeza kitufe cha kuanza, mwombe bosi ruhusa ya maandishi yenye siku, saa na seva itakayopimwa.