Tukienda Kujitolea Makao ya Watoto

Mmetuuliza: tukienda kusaidia makao ya watoto hapa Malindi, tubebe nini? Sabuni na unga ni vizuri. Lakini ulizeni kwanza, mtoto huyu ni wa nani? Wengi si yatima kabisa. Yuko mama au nyanya kule Ganze au Magarini. Kilichomshinda ni chakula na karo.

Tuliwahi kumwona mtoto aliyemzoea mgeni wa kujitolea hadi akamwita mama. Wiki tatu tu, mgeni akaondoka. Mtoto alishinda langoni, hakula. Mwezi uliofuata akaja mgeni mwingine, mambo yakawa yaleyale. Basi anayejitolea afue, alime, atengeneze paa; kulea awaachie walezi wa siku zote.

Tangu Novemba 2017 serikali ilisimamisha kusajili makao mapya, na mwaka 2022 ikatoa mpango wa miaka 10 wa kuwarudisha watoto kwa jamaa. Hapo sasa ndipo penye kazi yenu. Akirudi kijijini, nani atanunua sare? Nyanya akiugua je? Akina mama wa kikundi kimoja walimpa nyanya mbuzi wawili, wakapanga zamu ya kumchotea maji. Anzeni kwa chifu na afisa wa watoto; msimchukue mtoto wenyewe.