Mtoto Mchanga Majini: Namna ya Kumlinda na Baridi

Wakazi wa mwambao wetu hawapendi kusadiki kuwa bahari ya Tanga yaweza kumdhuru mtoto kwa baridi, kwa kuwa mtu mzima aingiapo majini pale Raskazone mwezi wa Machi, kaskazi ikiwa inamalizia siku zake, huona raha tupu wala hafikirii kujifunika. Lakini maji hayo hayo, ambayo hufika nyuzi 29 hivi za sentigredi yakiwa katika upeo wa ujoto wake, na kushuka hadi kama nyuzi 25 wakati wa kipupwe, yako chini ya joto la mwili wa binadamu mwaka mzima, na maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa iliyotulia. Wafundishao watoto wachanga kuogelea katika mabwawa ya Ulaya hutaka maji yawe na nyuzi 32 kwa mtoto asiyetimiza miezi 6, na zisipungue 30 kwa aliyevuka umri huo, kwa hiyo bahari yetu, pamoja na ukarimu wake wote, haikifikii kipimo hicho. Mimi niliyewaingiza wanangu wote majini kabla hawajajua kutembea siyasemi haya ili niwatishe wazazi wenzangu, bali nataka kueleza jambo ambalo nimelithibitisha kwa macho na mikono yangu, nalo ni kwamba mtoto aghalabu hapatwi na baridi kali akiwa majini, hupatwa nayo akishatolewa, mama yake akiwa anatafuta taulo.

Mwili wa mtoto mchanga haukuumbwa kustahimili hali hiyo. Ngozi yake, ikilinganishwa na uzito wake, ni kubwa zaidi ya mara mbili kuliko ya mtu mzima, na kichwa peke yake huchukua karibu sehemu moja kwa tano ya ngozi hiyo. Fauka ya hayo, hajui kutetemeka kama tutetemekavyo sisi, bali huunguza akiba ya mafuta ya rangi ya kahawia yaliyo baina ya mabega, shingoni na kandokando ya mafigo, na akiba hiyo ni haba. Basi mzazi anayengoja kuona mtoto akitetemeka ndipo amtoe majini anangoja ishara ambayo huenda isije kabisa.

Wazee wetu hawakumtoa mtoto nje kabla ya arobaini, na sijaona sababu ya kuibishia ada hiyo; mimi huongeza subira mpaka shingo ikaze na mtoto aweze kukaa akiegemezwa, yaani kiasi cha miezi 6. Baada ya hapo hutazama upepo na mwezi kabla ya kutazama saa. Miezi ya kusi inapovuma kwa nguvu sendi na mtoto baharini hata jua liwake vipi, kwa kuwa upepo ule ukimpata mtoto aliyelowa hukausha maji ya ngozini mwake kwa kumnyang'anya joto lake. Miezi ya tanga mbili ndiyo bora, kusi na kaskazi zinapoachiana nafasi. Ama kuhusu maji yenyewe, siku za bamvua, mwezi uwapo mchanga au mpevu, bahari ya huku hupwa kabisa kiasi cha saa nne asubuhi, mchanga ukabaki wazi ukichomwa na jua la adhuhuri, kisha maji huanza kurejea polepole juu ya mchanga huo uliokwisha kupata moto, hata baina ya saa tisa na saa kumi alasiri, jua likiwa limepungua ukali, yale yanayofika magotini huwa na vuguvugu ambalo hulipati penye kina. Siku za maji mafu mambo hugeuka, na safari haina faida ile.

Kazi kubwa iko nchi kavu, tena kabla ya kulowa. Tafuta ngalawa iliyopandishwa pwani, utandike jamvi lako upande wa demani, yaani ule usiopigwa na upepo, ukapange vitu kwa utaratibu wa kutumika: taulo juu kabisa, likifuatiwa na kofia, nepi kavu, fulana ya mikono mirefu, na kanga mbili chini. Chupa ya chai ijazwe maji ya moto, na beseni iwe karibu, ili chumvi ioshwe kwa maji ya uvuguvugu ambayo umekwisha kuyachanganya na kuyaonja kwa kiwiko kabla mtoto hajakaribia. Mtoto asiwe na njaa, kwa sababu mwenye njaa hana cha kujipashia joto. Mnyonyeshe, umpumzishe, ndipo mwende. Wako wanaompaka mafuta ya nazi mwili mzima wakiamini kuwa yanazuia baridi. Mafuta ya nazi nayapenda nyumbani jioni, lakini majini hayazuii baridi ya kutajika, na mtoto aliyepakwa huteleza mikononi, jambo ambalo ni hatari kuliko baridi yenyewe.

Majini ingia naye taratibu, miguu kwanza, kisha kiuno, kisha mabega, ukimtazama uso wakati wote. Na akishazoea, mabega yabaki ndani ya maji. Wazazi wengi humwinua wakidhani wanampunguzia baridi, kumbe aliyetolewa nusu hupoteza joto kwa maji chini na kwa upepo juu. Mwendeshe huku na huku ukirudi kinyumenyume, kwa kuwa anayepiga mateke anajipasha joto, na anayening'inizwa kimya anapoa. Siku ya kwanza dakika 10 zinatosha. Baadaye mtafika 20. Nusu saa sijaivuka. Mikono na nyayo kuwa baridi si hoja, hupoa upesi kwa kila mtoto. Pima kwa kuweka kiganja chako kifuani pake na kwenye kisogo. Midomo ikigeuka rangi, ngozi ikifanya mabaka-mabaka, au mtoto aliyekuwa akicheka akanyamaza ghafla, toka mara moja. Kile kimya mimi hukiogopa zaidi ya kilio.

Sasa kutoka. Wanawake wa pwani huoga na dera, na dera lililolowa likigandama kifuani ni baridi tupu, hivyo mama ambaye angali amelowa hafai kumkumbatia mtoto. Awepo baba, dada au shangazi, mkavu, amesimama ukingoni na taulo limefunuliwa, ampokee mtoto kabla mama hajatoka. Kichwa kikaushwe kwanza na kofia ivikwe papo hapo, hata kama mwili mzima ungali unachuruzika. Nepi iliyolowa ivuliwe bila ya ajizi, maana inashikilia maji baridi tumboni. Kisha taulo likandamizwe, lisisugue, likifuata mikunjo ya shingo, makwapa na mapaja, ambamo maji hujificha yakaendelea kumpoza mtoto ndani ya nguo kavu.

Mama naye akishabadili nguo, amchukue mtoto ngozi kwa ngozi, kifua kwa kifua, wafungwe pamoja kwa kanga, anyonye. Njia hii ndiyo ambayo madaktari wa Bogotá, nchini Colombia, walianza kuitumia mwaka 1978 kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na leo wodi nyingi za wazazi Afrika ya Mashariki huifundisha kwa jina la kangaruu. Blanketi huhifadhi joto lililopo tu, na kifua cha mama kinalileta.

Ndugu wa bara huniuliza juu ya mabwawa ya nje ya Arusha na Nairobi, yasiyopashwa moto, na wengine wamewanunulia watoto vazi la neopreni. Vazi hilo lafaa, kwa kuwa hunasa utando mwembamba wa maji ambao mwili huupasha, mradi limbane mtoto vema. Likipwaya, maji huingia na kutoka, na faida yake hupotea. Hata hivyo halimgeuzii mtoto maji ya Julai yakawa ya Machi. Bwawa la namna hiyo mimi hulikataa bila ya haya mbele ya wenyeji wangu, nikaomba beseni kubwa na maji ya uvuguvugu ndani ya nyumba.

Joto la mtoto mwenye afya, likipimwa kwapani, huwa baina ya nyuzi 36.5 na 37.5. Ikiwa baada ya kukumbatiwa na kunyonyeshwa kwa saa moja bado halijafika hapo, au ikiwa wakati wowote amelegea na kukataa titi, mpelekeni hospitali akiwa amefungwa kifuani vivyo hivyo. Wala msimweke kando ya jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa, kwa kuwa hewa ya sumu itokayo katika mkaa haina harufu.