WAFAHAMU VIJANA UNAOWASIMAMIA

Siku hizi mhitimu wa kisomo hapa Meru anaweza kujikuta anasimamia vijana. Labda wewe ni mjumbe wa kamati ya maji, au unatunza kitalu cha miti cha kijiji. Unaletewa vijana watatu wa kujitolea, wa miaka 16 au 17. Wengi ni wale waliofanya mtihani wa kidato cha nne mwezi wa Novemba. Kidato cha tano huanza Julai. Miezi yote hiyo wako nyumbani, na baadhi yao huja kutusaidia bila mshahara. Sasa utawasimamiaje watu usiowajua?

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1967, kiasi cha watu wazima 67 kwa kila 100 Tanzania Bara walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Walimu hawakutosha, basi wakatafutwa watu wa kujitolea. Miongoni mwao walikuwamo vijana waliomaliza shule ya msingi. Walipewa asante ya shilingi 30 kwa mwezi. Ulipofanyika mtihani wa kisomo mwaka 1975, wasiojua walikuwa wameshuka hadi 39 kwa kila 100. Huenda bibi yako alishikishwa kalamu na kijana wa umri wa mtoto wake.

Mimi nilikosea, nami nitasema. Nilikuwa na binti wa miaka 17 akinisaidia katika darasa la kisomo. Tulianza saa kumi alasiri. Ikifika saa kumi na moja, anafunga kitabu na kuondoka. Siku moja nikamkaripia mbele ya wanakisomo: "Kujitolea si kuja na kuondoka unapotaka!" Akainamisha macho, akasema, "Samahani, mwalimu." Wiki iliyofuata hakuja.

Mama mmoja wa darasani ndiye aliyenieleza. "Mwalimu, mama yake yule mtoto yuko kitandani tangu mvua za vuli. Wana ng'ombe wawili wa ndani. Majani anakata yeye, na kukamua ni yeye. Hukujua?"

Kweli sikujua. Miezi miwili tulikuwa pamoja na sikuwa nimemwuliza hata anaishi na nani. Nilikwenda kwao, nikamkuta anashusha mzigo wa majani. Nikampa pole mama yake, nikamwomba radhi binti. Tukahamisha darasa hadi saa nane, na tukaacha kusoma Jumatano na Jumamosi, siku za soko la Tengeru. Binti alirudi. Lakini akina mama wawili waliokuwa wakisoma naye walikwisha acha. Mmoja hajarudi mpaka leo, naye alikuwa amebakiza herufi mbili tu kuandika jina lake.

Mwingine alikuwa kijana wa Kiarusha. Kila daftari alilosahihisha lilikuwa na alama za vema tupu, hata penye makosa. Nilidhani ni mvivu. Safari hii nikauliza kwanza, tukiwa tunatembea kwenda barabarani. Akasema: "Mwalimu, mzee yule nikimsalimu nainamisha kichwa anishike. Halafu nimwambie amekosea?" Basi tukapatana awe anasema, "Babu, tusome tena pamoja." Wazee wenyewe wakawa wanayaona makosa yao na kucheka.

Kwa hiyo usimhoji kijana kama polisi. Shika jembe naye, au tembea naye, ndipo uulize. Anapenda kuitwa nani? (Wengine wetu tunawaita "wewe mrefu" mwezi mzima!) Analelewa na nani? Ana kazi gani nyumbani? Anajua kufanya nini, na anataka kujifunza nini kwako? Andika katika daftari lako. Ni manufaa ya kisomo hayo. Lakini mambo ya nyumbani kwake usiyaandike kwa urefu, wala daftari usiliache mezani likasomwa na kila mpita njia.

Nenda pia ukaonane na wazazi au walezi kabla ya kazi kuanza. Usimwite kijana chumbani au nyumbani kwako peke yake ati mfahamiane. Zungumza naye mahali watu wanapowaona. Msichana usimtume peke yake kwenye nyumba asiyoijua.

Kumbuka pia sheria. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Hatakiwi kufanya kazi ya usiku, yaani kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, wala kazi ya kumdhuru. Kwa hiyo swali la umri liulizwe siku ya kwanza. Kijana anaweza kuwa na mwili mkubwa kuliko wako na bado ana miaka 15.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Kwa nini binti aliondoka saa kumi na moja? Mwalimu angejuaje mapema?
2. Kijana akiona mzee amekosea kazini, hapa kijijini kwetu amwambie kwa maneno gani?
3. Andika majina ya vijana wanaojitolea kijijini. Mbele ya kila jina andika kazi moja anayoifanya kwao jioni. Usipoijua, acha nafasi, ukamwulize.