Usimkalishe Mzee Kutwa
Kijitabu cha mgongo na viungo kwa kaya zenye wazee

Kinamhusu nani
Kila anayeishi na mtu aliyevuka miaka 60. Anayejua kusoma awasomee wengine, na mzee mwenyewe awepo.

Jambo la kwanza
Usimkalishe mzee kutwa.

Kwa nini tunalisema kila siku
Wazee wengi wanaoletwa kituoni wamebebwa hawakuanza kwa kubebwa. Goti liliuma, watoto wakasema, "Bibi pumzika, tutakufanyia." Chai ikaletwa kitandani, maji ya kuoga yakaletwa mlangoni. Miezi ikapita, goti likakakamaa, mapaja yakasinyaa, na sasa hata chooni hafiki bila kushikwa. Najua mlifanya kwa mapenzi, na majirani waliwasifu. Heshima ya namna hiyo humlemaza mzee. Msimkalishe kutwa.

Afanye nini
Kabla ya kushuka kitandani akunje na kunyoosha magoti, azungushe vifundo vya miguu. Kisha akae kwenye kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani, asimame na kukaa mara 10. Miguu ikiwa haina nguvu, ashike meza. Mchana asikae zaidi ya saa moja bila kuinuka, hata kama ni kuzunguka nyumba tu. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 za kutembea au kazi ya kutoa jasho kidogo kwa wiki. Aliyezoea kulala aanze na dakika tano, aongeze polepole. Anayeswali kwa kurukuu na kusujudu bila shida aendelee hivyo hivyo. Apepete mchele, achambue mchicha, afagie uwanja. Msimnyang'anye ufagio!

Ulizeni hospitali ya wilaya au ya mkoa kama ina mtaalamu wa mazoezi tiba.

Kunyooshwa mgongo na kupindwa shingo
Wapo waliosomea kazi hii. Ilianzia Marekani mwaka 1895 na huitwa kairopraktiki. Aliyefunzwa huuliza maswali na kupima kwanza, na wagonjwa wengine huwakataa. Anaweza kupunguza maumivu ya kiuno, lakini hawezi kutembea kwa niaba ya mzee: akirudi nyumbani mkamkalisha kutwa, fedha zimepotea.

Kinyozi anayepinda shingo mpaka ilie, au mchuaji anayekanyaga mgongo kwa miguu, msimpe mzee wenu. Mifupa ya wazee, hasa ya akina bibi, huweza kuwa dhaifu ikavunjika kwa nguvu ndogo. Shingo ikipindwa ghafla, mshipa wa damu unaweza kuchanika na mtu akapata kiharusi. Asinyooshwe kabisa na yeyote, kabla ya kupimwa hospitali, mzee aliyeanguka, mwenye saratani au aliyewahi kuugua saratani, anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye homa za jioni, jasho la usiku na kukonda. TB hushika uti wa mgongo pia, na mgonjwa wa namna hiyo huchuliwa miezi kadhaa huku ugonjwa ukiendelea kumla. Dawa za TB hutolewa bure.

Dawa za maumivu
Diklofenaki ya dukani kila siku huharibu tumbo na figo. Mwenye presha asiimeze bila kumuuliza daktari.

Kuanguka
Kandambili zilizolika, mkeka uliokunjamana, ndoo njiani, giza la kwenda chooni: ondoeni leo. Mpeni fimbo imara. Hofu ya kuanguka isiwe kisingizio cha kumkalisha kutwa, maana miguu isiyotumika ndiyo huangusha.

Hospitali leo hii, si kesho
Miguu ikilegea ghafla. Ganzi kati ya mapaja. Haja ikitoka bila yeye kujua, au haja ndogo ikigoma.

Na aliyeanguka akashindwa kukanyagia mguu: huyu msimlazimishe kusimama, msimvute mguu, msianzie kwa mchuaji. Mlazeni, mfunikeni, tafuteni gari.