Kupunguza uzito pole pole: tupange kalori ngapi kwa siku?

Katika vikundi vyetu vya akina mama hapa Chumbageni swali la lishe limegeuka. Zamani tuliulizwa zaidi namna ya kumnenepesha mtoto aliyedhoofu. Siku hizi, mama aliyepimwa shinikizo la damu na kuambiwa apunguze uzito anarudi na swali moja: nipunguze nini, na kwa kiasi gani? Kitaifa hali ni hiyo hiyo. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Ule wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 28.

Wengi huanza kwa pupa. Huacha kula mchana, hunywa chai za kukatisha tumbo zinazouzwa bila maelezo, au husubiri Kwaresima au Ramadhani ifanye kazi hiyo. Mfungo ni ibada, haukuwekwa kwa ajili ya mizani. Tena anayefunga mchana kutwa kisha akafuturu kwa mihogo ya nazi, sambusa, kaimati na sharubati anaweza kumaliza mwezi akiwa mzito kuliko alivyouanza. Mwili uliokoseshwa chakula ghafla hupoteza maji na nyama ya misuli pamoja na mafuta, na njaa yake ikirudi hurudi kwa nguvu. Ndiyo maana somo hili linahusu kupunguza kidogo kidogo.

KUJUA MAHITAJI YA MWILI

Kalori ni kipimo cha nguvu inayotoka kwenye chakula. (Tunachokiita kalori katika lishe ni kilokalori, tutatumia jina la mazoea.) Gramu moja ya wanga au ya protini hutoa kalori 4, na gramu moja ya mafuta hutoa 9. Mwili hutumia nguvu hata ukiwa umelala.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 45, kilo 86, urefu sentimita 160. Kanuni inayotumika sana, iliyotolewa mwaka 1990, ni hii: zidisha kilo kwa 10, jumlisha urefu wa sentimita uliozidishwa kwa 6.25, toa umri uliozidishwa kwa 5, kisha kwa mwanamke toa 161 (kwa mwanamume jumlisha 5). Hapa tunapata 860 + 1,000 - 225 - 161, yaani 1,474. Hiyo ni nguvu ya kuishi tu akiwa amepumzika. Kwa mtu mwenye shughuli nyepesi, anayekaa dukani na kutembea kidogo, tunazidisha kwa 1.375 na kupata kama 2,030 kwa siku. Anayelima au kubeba mizigo huzidisha kwa 1.55 au zaidi. Kanuni hii ni makadirio, inaweza kukosea kwa kalori mia kadhaa, kwa hiyo mizani ya wiki zinazofuata ndiyo itakayotuambia ukweli.

Sasa tunatoa 500. Mama wetu atakula kama 1,500 kwa siku. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori zipatazo 7,700, hivyo pengo la 500 kila siku hupunguza chini kidogo ya nusu kilo kwa wiki mwanzoni. Huo ni mwendo mzuri. Mwanamke asishuke chini ya 1,200 wala mwanamume chini ya 1,500 bila kusimamiwa na daktari. Na lengo la kwanza lisiwe kurudia kilo za siku ya harusi. Kupunguza asilimia 5 tu, kwa mama huyu kilo 4 na kidogo, tayari husaidia shinikizo la damu na sukari.

HIZO 500 ZINATOKA WAPI?

Hapa ndipo wengi hukosea kwa kuukimbia ugali na kuyaacha mafuta. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori 120. Jikoni kwetu mafuta humiminwa kutoka kwenye dumu kwa macho. Kikombe cha mililita 200 kwenye sufuria ya watu watano ni kalori zaidi ya 1,600, yaani 330 kwa kila mlaji kabla ya kuhesabu mboga yenyewe. Pima vijiko vitano badala yake, na kila mtu hubaki na 120. Tumeokoa 200 na hakuna aliyelala na njaa.

Chai tatu kwa siku zenye vijiko vitatu vya sukari kila moja zikipunguzwa hadi kijiko kimoja kimoja, tumeokoa 120 nyingine. Maandazi mawili ya asubuhi yakawa moja: kama 180. Jumla ni 500, na wali bado uko mezani. Asiyekula maandazi lakini hunywa soda, ajue chupa ya mililita 300 ina kalori kama 125. Kutembea nusu saa kwa mwendo wa haraka hutumia takriban kiasi hicho hicho. Tembea, au panda baiskeli kama ilivyo desturi ya Tanga, kwa faida ya moyo. Lakini usitegemee miguu ikulipie soda mbili.

Siku ya kalori 1,500 inaweza kuwa hivi. Asubuhi chai ya maziwa yenye kijiko kimoja cha sukari, andazi moja na yai la kuchemsha: 315. Mchana ugali wa gramu 100 za unga, samaki wa kuchemsha au kuchoma na mchicha mwingi: 650. Jioni wali kikombe kimoja na nusu, maharage nusu kikombe yenye tui jepesi: 490. Chungwa la Muheza: 60. Nazi hatuikatazi, ila nyama ya nazi moja iliyokomaa ina kalori kama 1,400, na sehemu kubwa huingia kwenye tui zito. Tumia tui la pili.

Kwenye sinia la pamoja hakuna anayejua amekula kiasi gani. Anayepunguza uzito ajipakulie sahani yake kwanza, kisha akae na wenzake.

Pima uzito mara moja kwa wiki, asubuhi, mizani ile ile. Mizani ya vijana wanaopita mitaani leo itakupa jibu moja na kesho jingine. Akifika kilo 78, mahitaji ya mama wetu yatakuwa yamepungua kwa kalori 110 hivi, kwa hiyo mwendo utapungua. Hajalogwa wala hajashindwa. Afanye hesabu upya.

MANENO YA MTAANI

Jambo moja hutusumbua zaidi ya hesabu. Mtu akipungua, majirani hunong'ona kuwa ana ukimwi. Tunajua akina mama waliorudia kula ili wanyamazishe umbea. Kupungua kwa mpango, nusu kilo kwa wiki, si sawa na kukonda usikotaka. Anayekonda bila kujua sababu aende kupima bila kuchelewa, na sisi wengine tuache kupima watu kwa macho.

Wajawazito na wanaonyonyesha wasianze mpango huu wenyewe. Na anayetumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamaidi azungumze kwanza na daktari wake, kwenye kituo cha afya au kliniki ya kisukari anakohudhuria, kwa sababu akipunguza chakula na dozi ikabaki ile ile, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Dalili zake ni kutetemeka, jasho jingi, njaa kali na kuchanganyikiwa. Apewe maji ya sukari mara moja, mradi awe na uwezo wa kumeza, kisha apelekwe hospitali.